Seva ikifa, anaulizwa aliyeigusa mwisho

SWALI

Fundi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 34, mhasibu msaidizi kwenye SACCOS ya watumishi katika mji mdogo ambao sitautaja, maana huku tunajuana wote. Safu yako naisoma siku nyingi, na nikiri kwamba huwa nacheka. Leo sicheki.

Yote yalianza na printa. Mwaka 2019, wiki yangu ya pili kazini, printa ilikwama siku ya mishahara. Nikafungua mlango wake wa nyuma, nikavuta karatasi iliyojikunja humo, nikafunga. Ikanguruma, ikaanza kutoa kazi. Meneja akapiga makofi. Tangu siku hiyo mimi ndiye "mtu wa IT". Aliyesahau nywila anakuja kwangu. Mfumo ukiwa mzito, "dada, hebu njoo uone." Kamera ya getini ikiganda, mimi. Hata king'amuzi cha mapokezi kikiandika hakuna mawimbi, ni mimi. Fundi, nimesomea uhasibu. Kompyuta nilifundishwa kuandika barua na kupanga hesabu kwenye Excel, basi.

Seva yetu, au hicho tunachokiita seva, ilikuwa kompyuta ya mezani ya kawaida kabisa, iliyotunza hesabu zote za wanachama. Ilikaa chini ya meza ya masijala, kati ya dispensa ya maji na maboksi ya fomu za zamani. Aliifunga kijana mmoja aliyekuwa anajitolea hapa mwaka 2017. Sasa yuko Dodoma na simu anapokea siku akijisikia. Juu yake palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa maka peni: USIZIME. Juu ya karatasi hiyo mlinzi aliweka redio yake. UPS, lile boksi la betri linaloishikilia kompyuta umeme ukikatika, ilianza kulia mwaka juzi, pii, pii, pii, mchana kutwa, mpaka dada wa usafi akaiondoa na kuchomeka seva moja kwa moja ukutani. Sote tukamshukuru kwa utulivu ule.

Januari hii, wiki ya kufungua shule, wanachama wamejaa benchi la nje wakisubiri mikopo ya ada, umeme ulikatika na kurudi mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Mara ya tatu seva haikurudi. Taa iliwaka, feni ikazunguka, lakini ndani ikawa inagonga: tik, tik, tik, kimya, tik, tik, tik. Utafikiri mjusi kwenye dari. Meneja akasema zima uwashe. Nikazima, nikawasha. Zima tena. Nadhani tulifanya hivyo mara kumi na mbili, na kila mara watu waliosimama nyuma yangu walikuwa wanaongezeka.

Tulikuwa na ekstenali, diski ya nje ya kuhifadhia, imechomekwa nyuma ya seva miaka yote. Kijana alituambia kila usiku inajichukulia nakala yenyewe, tusihangaike. Nikaichomoa, nikaifungua kwenye laptopu yangu huku mikono inatetemeka. Faili la mwisho lilikuwa la tarehe 9 Machi 2024. Siku hiyo ekstenali ilijaa. Tangu hapo kila usiku programu ilijaribu, ikashindwa, ikaandika kosa kwenye kifaili ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kipo.

Wiki tatu, Fundi. Watu wanne, Jumamosi zote, mpaka saa tatu usiku, tunaingiza stakabadhi mojamoja kutoka kwenye mafaili ya karatasi na kulinganisha na vitabu vya wanachama. Mzee mmoja mstaafu alikuja na kitabu chake kimeviringishwa kwenye mfuko wa nailoni na mpira juu. Akakifungua taratibu, akakiweka mezani, akasema, "Mimi hiyo televisheni yenu sikuwahi kuiamini." Nilienda kulia stoo.

Hesabu zimekaa sawa. Lakini nimepewa barua ya kutakiwa kujieleza kwa nini "nilizembea kusimamia mfumo". Nimejibu kwa ukurasa mmoja kwamba kusimamia mfumo si kazi niliyoajiriwa. Bodi inakaa mwezi ujao. Wakati huohuo mafundi wa nje wameleta kompyuta mpya, wameweka mfumo, wameondoka, na nywila zote wamenitumia mimi kwa WhatsApp. Mimi peke yangu. Nalala na simu chini ya mto.

Nikifika nyumbani, mama ananipa simu yake inayosema nafasi imejaa. Shemeji, mume wa dada yangu, kaniletea simu "aliyonunua kwa mtu", inadai akaunti ya Google ya mwenyewe wa kwanza, eti mimi naweza kuitoa.

Je, kosa ni langu? Hii seva mpya nifanyeje isije ikanifia mikononi? Na nakataaje bila kuonekana nina kiburi?

Mchovu wa Tik-Tik

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na hongera kwa zile wiki tatu, maana naona hakuna aliyekupa.

Kosa si lako. Wala si la dada wa usafi, maskini, aliyefanya ambalo ofisi nzima ilitamani kulifanya. Kosa lipo na nitalitaja, ila ngoja kwanza nikusimulie ya watu wanaolipwa vizuri kwa kazi hiyohiyo.

Tarehe 31 Januari 2017, kwenye kampuni ya GitLab, ambayo biashara yake ni kuwatunzia waandishi wa programu kazi zao, mhandisi mmoja alikuwa anahangaika usiku na hifadhidata iliyogoma. Akaamua kufuta kabrasha la seva ya akiba ili aanze upya. Kumbe dirisha aliloandikia amri lilikuwa la seva kuu. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili, akaikata amri. Katika gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki kama nne na nusu. Basi wakakimbilia nakala. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi, tano nzima, na wakagundua usiku huohuo kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Mojawapo ilikuwa inashindwa kila siku kwa sababu toleo la programu ya kunakili halikuendana na toleo la hifadhidata. Ilikuwa inatuma barua pepe kusema imeshindwa, na mfumo wa barua ulikuwa unazikataa barua hizo mlangoni.

Umeona? Kile kifaili chenu ambacho hakuna aliyejua kipo, na wenyewe walikuwa nacho.

Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Wakapoteza kazi za saa sita badala ya kupoteza kila kitu. Walirusha matengenezo moja kwa moja YouTube dunia ikitazama, kisha wakaandika ripoti ndefu inayoeleza utaratibu wao ulivyokuwa mbovu. Jina la mhandisi halimo. Ukiingia kwenye kikao cha bodi, simulia hicho kisa, na usimulie polepole.

Sasa kosa lenyewe. Kazi ya kuangalia nakala haikuwa na mwenyewe. Kijana alipoenda Dodoma hakumkabidhi mtu, ofisi haikuuliza, na ile karatasi ya USIZIME ikageuka ndiyo idara nzima ya teknolojia. Wewe ni mhasibu, unalijua lile la wahenga kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye SACCOS yenu daftari lilikuwepo. Aliyekosekana ni wa kulifungua asubuhi.

Ila hapo pa kuzima na kuwasha mara kumi na mbili nakugombeza kidogo, ingawa najua aliyeamuru ni bosi. Ndani ya diski ya seva ile, inakokaa kazi yote, kuna sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na juu yake kichwa cha kusomea kinachoelea kwa umbali mdogo kuliko chembe ya moshi. Ile tik, tik ni kichwa kinatafuta mahali pake, hakipati, kinarudi kuegesha, kinajaribu tena. Kila ukiwasha unakipa nafasi nyingine ya kukwangua sahani. Ukisikia tik, zima, chomoa, usiguse. Kuzima na kuwasha ni dawa ya programu iliyojifunga, si ya mfupa uliovunjika. Simlaumu sana meneja, maana dawa hiyo hata wakubwa wanaiandika: tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta za Windows milioni 8.5 dunia nzima, Microsoft yenyewe iliwaambia baadhi ya wateja wa seva zake za mtandaoni wajaribu kuwasha upya, hata mara 15. Lakini pale ugonjwa ulikuwa wa programu.

Ile diski mbovu iko wapi? Isije ikauzwa kwa wa vyuma chakavu. Na msiweke kwenye friza. Kuna watu watawashauri hivyo, nimewakuta. Kuna maabara zinazoweza kuzifungua, ila gharama yake kwa nyinyi mliokwisha kuingiza kila kitu upya haina maana. Humo ndani mna majina ya wanachama, mishahara, mikopo na wadhamini, na tangu 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo haitambui kisingizio cha "lakini ilikuwa imekufa". Itobolewe kwa drili matundu matatu mbele ya mashahidi wawili, muandike muhtasari.

Tuje kwenye seva mpya. Nunueni ekstenali mbili, si moja. Moja ibandike utepe mwekundu, nyingine wa bluu. Nyekundu inachomekwa Jumatatu jioni, inachukua nakala, inachomolewa. Bluu vilevile Alhamisi. Neno zito hapo ni kuchomolewa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye kompyuta za nchi zaidi ya 150, hospitali za umma za Uingereza zikiwemo, kikifunga mafaili na kudai fidia. Kirusi cha aina hiyo kikikuta ekstenali imechomekwa kinaifunga nayo, hakibagui. Iliyo kabatini hakiioni. (Dawa ya tundu kilimopitia Microsoft walikuwa wameshaitoa tangu Machi mwaka huo. Wengi hawakuisakinisha. Waulize mafundi wenu waliwawekea Windows ipi. Kama ni 10, msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, na mna haki ya kuuliza kwa nini mmeuziwa kompyuta mpya yenye mfumo uliostaafu.)

Ekstenali ambayo si zamu yake ilale nje ya jengo. Kwa mwenyekiti, kwenye sefu ya tawi lenu lingine kama lipo, popote ambapo moto wa ofisini hautafika. Tarehe 10 Machi 2021 jengo zima la seva la kampuni ya OVH liliteketea mjini Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliokuwa wamelipia nakala, kumbe nakala zenyewe zimekaa eneo lilelile. Na kwa kuwa diski itakuwa inatembea kwenye pochi ya mtu, iwekewe usimbaji, yaani isisomeke bila nywila, ili kibaka akiipora apate chuma tu.

Watakaokuambia wekeni kila kitu mtandaoni yaishe, wasikilize nusu. Hifadhidata ya SACCOS si kubwa, inaweza kupanda usiku kwa kifurushi cha usiku, na ni vizuri mkawa na nakala huko. Lakini nadhani unakumbuka Jumapili ile ya 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, na sisi Tanzania tukakaa tunatazama kiduara kinazunguka. Siku kama hiyo mwanachama aliye benchini anataka jibu kutoka kwenye kitu mnachoweza kukigusa.

Hayo yote ni rahisi, na ofisi nyingi zinaishia hapo. Mimi nataka ufanye jambo moja zaidi. Kila mwezi, Jumamosi moja, chukua kompyuta nyingine, ile ya zamani ya mapokezi inatosha, uirudishie nakala kutoka kwenye ekstenali nyekundu kana kwamba seva imekufa leo. Usiangalie kama faili lipo. Faili kuwepo hakuthibitishi kitu. Washa mfumo. Ingia. Tafuta akaunti ya yule mzee mstaafu, umuombe kitabu chake kwa ruhusa yake, ukiweke pembeni ya kioo, ulinganishe salio, kisha mstari mmojammoja wa miezi mitatu ya mwisho. Mwezi unaofuata fanya na ya bluu, kwa mwanachama mwingine. Andika tarehe, andika muda uliotumia, saini, na mtu wa pili asaini. Mara ya kwanza nakuhakikishia kitu kitagoma: nywila ya hifadhidata hakuna anayeijua, au leseni ya mfumo inakataa kompyuta ngeni, au kifungashio cha kusakinishia hakipo. Vizuri. Utapiga simu kwa mafundi Jumamosi hiyo, ukiwa umevaa kandambili, na benchi la nje liko tupu.

Mzee akiona unalinganisha televisheni na kitabu chake kila mwezi, huenda akaanza kuiamini. Lakini asiache kitabu.

UPS mliitupa? Kama ipo, kile kilio kilikuwa cha betri. Betri za UPS za kawaida huishi kati ya miaka mitatu na mitano, na kwenye nyingi unabadilisha betri peke yake kwa bei ndogo kuliko kununua UPS nzima. Fungua, soma kilichoandikwa juu yake, peleka ya zamani dukani kama kielelezo. Ukishairudisha, kuna waya wa USB unaotoka kwenye UPS kwenda kwenye kompyuta ambao mafundi wengi huuacha kwenye boksi. Chomeka huo. Ndio unaoiambia seva kwamba umeme umekwenda, ijizime kwa adabu kabla betri haijaisha. Bila huo mnanunua dakika kumi za kushangaa. Dispensa isichomekwe humo, wala printa ya leza, zinakula betri yote kwa pumzi moja. Na redio ya mlinzi itafutieni mahali.

Nywila: kwanza zibadilishwe zote, kwa kuwa zimeshapita kwenye WhatsApp na zimo kwenye simu ya fundi usiyemjua ataiuza lini. Mpya ziandikwe kwa mkono, nakala mbili, bahasha mbili, zifungwe na kusainiwa juu ya gundi na wewe na meneja. Moja kwenye sefu, moja kwa mwenyekiti wa bodi. Ikifunguliwa, inaandikwa nani kafungua na kwa nini, kisha zinabadilishwa. Siku bahasha ikiingia kwenye sefu, toa simu chini ya mto.

Sasa bodi. Barua ya kujieleza ulijibu, vizuri. Ambatanisha na nakala ya barua yako ya ajira na maelezo ya kazi kama hukufanya hivyo. Hapo umejitetea. Lakini kikao kisiishie kwenye kujitetea kwako, kwa hiyo peleka na dokezo, na dokezo lako lisiwe na neno seva zaidi ya mara mbili. Wajumbe ni walimu na wauguzi, hawaogopi diski, wanaogopa hasara. Andika namna hii:

"Mfumo ulisimama kwa siku 18 za kazi. Watumishi wanne walirudia kazi iliyokwisha kufanyika, sawa na siku 72 za mshahara, mbali na muda wa ziada. Sababu: nakala zilikoma tarehe 9 Machi 2024 na hapakuwa na mtumishi aliyepewa kwa maandishi jukumu la kuzikagua. Gharama ya ekstenali mbili, betri ya UPS na fundi wa kuja mara moja kwa mwezi ni shilingi kadhaa. Naomba bodi iamue jukumu hili ni la nani kuanzia leo."

Hiyo "kadhaa" nenda kaulize bei dukani, uandike tarakimu. Kisha nyamaza. Wakisema ni lako, sawa, hujakataa: unaomba barua ya uteuzi, saa zinazotengwa kwa wiki, posho, na nani anakushika mkono kwenye hesabu wakati uko chini ya meza. Wakisema ni la fundi wa nje, unaomba mkataba wake uoneshe atakuja baada ya saa ngapi akiitwa. Nakala ya dokezo ipate na kamati ya usimamizi, maana wao ndio wanaotakiwa kuuliza maswali ya namna hii na hawakuuliza kwa miaka miwili.

Iwapo mambo yatageuka na ukaachishwa kazi kwa hili, usikae nyumbani ukisubiri huruma. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Sidhani tutafika huko.

Kuhusu "dada, hebu njoo uone", wala usikatae. Weka daftari la kaunta kwenye meza yako: tarehe, jina, tatizo, saa uliyoondoka mezani kwako, saa uliyorudi. Anayekuja anaandika mwenyewe kabla hujanyanyuka. Utashangaa. Nusu yao wakishika kalamu kuandika "printa haitoi" watakumbuka hawajaweka karatasi. Ya waliobaki, jumlisha saa mwisho wa mwezi, ingiza kwenye dokezo linalofuata. Kiburi utaonekana nacho ukisema hapana. Ukisema "andika hapa", unaonekana ofisa.

Simu ya mama si kazi, ni mama, kwa hiyo kaa naye saa nzima. Karibu nina uhakika ni WhatsApp: yale maua ya "asubuhi njema" na video za mahubiri kutoka makundi sita. Zima upakuaji wa kujiendesha wa picha na video, kisha ingia kwenye mipangilio ya hifadhi, panga kwa ukubwa, mfute pamoja mkianza na nzito. Usifute peke yako. Utafuta video ya msiba wa mtu ukidhani ni takataka. Kama anayelalamika ni Google na si simu, basi jua kwamba tangu 2024 nakala za WhatsApp kwenye Android zinahesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15 za bure, zamani hazikuhesabiwa.

Ya shemeji, hapana. Hicho kizuizi kipo kwenye Android tangu 2015, na kiliwekwa makusudi ili simu iliyoibiwa ikifutwa isimfae mwizi. Hakitolewi kwa utaalamu, kinatolewa na mwenye akaunti kwa kuandika nywila yake. Kama aliyemuuzia anamfahamu, ampigie simu sasa hivi, mambo yataisha kwa dakika tano. Kama hamfahamu, umeshajua simu ni ya namna gani, na mtu wa mwisho kushikwa nayo usiwe wewe. Mrudishie kwenye mfuko uleule alioiletea, wala usiichomeke hata chaja.